Alama za Kemia Hutabiri Nini Hasa Ukifika Chuo cha Udaktari?

Vijana wanaojiandaa kuomba nafasi katika vyuo vya udaktari vya Marekani, ambako mtu husoma kwanza shahada nyingine, huniuliza swali hili mara kwa mara, na wazazi wao huniuliza zaidi: yale masomo ya sayansi yanayodaiwa kabla ya kuingia, yanaonyesha kweli nani atafaulu akishaingia? Wanatarajia ndiyo au hapana. Mimi siwezi kujibu kabla hatujakubaliana tunazungumzia kufaulu kupi. Kama ni mitihani ya miaka miwili ya mwanzo, ndiyo, alama za sayansi zinasema kitu, ingawa si kikubwa kama watu wanavyodhani. Kama ni kuwa daktari anayemsikiliza mgonjwa mpaka akalifikia tatizo lake halisi, alama hizo hazisemi karibu chochote.

Shahada yangu ya kwanza ilikuwa ya historia. Masomo ya sharti niliyachukua yote pembeni, kisha nikasoma udaktari na wenzangu ambao wengi walitoka kwenye biolojia na biokemia. Baadaye nikawa mkufunzi wa vikundi vya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mengi ninayoyaandika hapa niliyaona katika vikundi vile.

Kwa asiyeijua orodha: vyuo vingi hudai mwaka mmoja wa biolojia, mmoja wa kemia ya jumla, mmoja wa kemia ogania, yaani ile ya kaboni, na mmoja wa fizikia, pamoja na maabara zake. Siku hizi biokemia imeongezwa katika vyuo vingi, na vipo vyuo vinavyotaka pia hisabati au takwimu na kozi za uandishi. Sharti hili lina umri mrefu. Mwaka 1910 mwanaelimu wa Marekani, Abraham Flexner, alitoa ripoti yake baada ya kukagua vyuo 155 vya tiba vya Marekani na Kanada. Alikuta vingi vinaendeshwa kibiashara na kupokea wanafunzi ambao hata sekondari hawakumaliza. Akapendekeza kwamba anayetaka kusomea udaktari awe amepita chuo kwa angalau miaka miwili, akiwa na biolojia, kemia na fizikia. Kwa hali ya wakati ule lilikuwa pendekezo la busara na liliokoa maisha ya watu. Ila tiba imebadilika mno tangu hapo, na orodha ya masomo bado Flexner angeitambua.

Utafiti ninaourejea kila mara ni wa chuo cha udaktari cha Mount Sinai, New York. Tangu mwaka 1987 chuo hicho kilikuwa na mpango wa kuwapokea mapema wanafunzi wa fani za lugha, historia, falsafa na nyinginezo za aina hiyo. Hawakufanya MCAT, mtihani wa kuombea nafasi ya kusomea udaktari. Hawakudaiwa kemia ogania, fizikia wala kalkulasi. Walidaiwa mwaka wa biolojia na mwaka wa kemia ya jumla, kisha wakati wa kiangazi wakapewa kozi fupi ya mambo ya kemia ogania na fizikia yanayoihusu tiba. Mwaka 2010 David Muller na Nathan Kase wa chuo hicho walichapisha matokeo ya wanafunzi 85 wa mpango huo, wakiwalinganisha na wenzao walioingia kwa njia ya kawaida. Katika kupata alama za juu kabisa za mafunzo ya wodini hapakuwa na tofauti ya maana, isipokuwa katika magonjwa ya akili, ambako wale wa fani walifanya vizuri zaidi. Katika tuzo za kuhitimu, hapakuwa na tofauti. Katika mtihani wa kitaifa wa Step 1, unaopima sayansi za msingi, wale wa fani walipata wastani wa chini kidogo. Pia wengi zaidi kati yao walisimamisha masomo kwa muda kwa sababu zisizo za kitaaluma.

Wanaopinga masharti husoma utafiti huu na kutangaza kwamba sayansi haina haja. Siafikiani nao. Vijana wale hawakuokotwa njiani. Walichaguliwa kwa uangalifu kutoka vyuo vyenye ushindani mkali, wakiwa na rekodi nzuri sana, na chuo kikawasaidia kuziba mapengo yao. Linalothibitika ni jambo jembamba zaidi, lakini zito: mtu mwenye akili na bidii, akiwa na msingi wa biolojia na kemia, anaweza kuukosa mwaka mzima wa kemia ogania na bado akawa daktari mzuri sawa na yeyote. Kwangu hilo linatosha kuhoji kwa nini kozi hiyo moja inaachiwa iamue hatima za watu wengi hivyo.

Hao hao wanaopinga masharti wana pia kosa la hesabu. Husikika wakisema: "Kati ya waliomo chuoni, alama za sayansi hazitofautishi sana nani atafanya vizuri, kwa hiyo alama hazina maana." Angalia ligi ya juu ya mpira wa kikapu. Ukiwapima wachezaji wake peke yao, urefu hautakuambia nani atafunga pointi nyingi zaidi, kwa sababu karibu wote ni warefu. Wafupi waliondolewa kabla hawajafika uwanjani. Ndivyo ilivyo katika vyuo vya udaktari. Waliomo ndani wote walikuwa na alama za juu, na tofauti zilizobaki kati yao ni ndogo mno kutabiri chochote kwa nguvu. Kwa hiyo uwiano dhaifu kati ya alama na matokeo hauthibitishi kwamba mtu asiyejua kemia kabisa angestahimili. Unathibitisha kwamba kati ya mwenye A na mwenye A pungufu, hakuna wa kumcheka mwenzake. Yeyote anayekutisha kwa tofauti ndogo kama hiyo, usimsikilize.

Sasa niliyoyaona mwenyewe. Katika miezi ya mwanzo, waliotoka kwenye biokemia walikuwa mbele, na tofauti ilionekana wazi. Njia za umetaboli, yaani jinsi mwili unavyogeuza chakula kuwa nguvu, walikwisha kuzichora mara nyingi, majina ya vimeng'enya hayakuwashtua, na walilala mapema kuliko mimi. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini ilipungua haraka. Kasi ya chuo cha udaktari ni kubwa kiasi kwamba akiba ya mwaka mzima wa chuoni hutumika yote katika majuma machache. Ilipofika fiziolojia ya figo, yaani namna zinavyofanya kazi, na famakolojia, sayansi ya dawa, sote tulikuwa tunakutana na mambo mapya, na aliyekuwa mbele sasa alikuwa yule aliyejua kusoma kwa mpangilio, kujipima kila siku na kukiri mapema kwamba hajaelewa. Wapo wenye alama nzuri sana za sayansi waliokwama hapo kwa sababu walizoea kukariri usiku wa kuamkia mtihani, na mbinu hiyo iliwafaa maisha yao yote mpaka siku hiyo.

Kilichonisaidia mimi kilikuwa fizikia, tena sehemu ndogo tu ya fizikia. Mwalimu wetu alitulazimisha tuelewe kwa nini mtiririko wa kimiminika ndani ya mrija hutegemea nusu kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Punguza nusu kipenyo cha mshipa kiwe nusu ya kilivyokuwa, na mtiririko hushuka hadi sehemu moja ya kumi na sita, shinikizo likibaki lilelile. Anayelielewa hilo hahitaji kukariri kwa nini mshipa uliosinyaa kidogo tu unaleta shida kubwa, kwa nini njia ya hewa ya mtoto mchanga ikivimba kidogo ni hatari, au kwa nini mgonjwa anayevuja damu huwekewa sindano nene na fupi kwenye mshipa badala ya nyembamba na ndefu. Wazo moja linafungua milango mitatu. Kemia ya asidi na besi ni hivyo hivyo: pH ya damu, yaani kipimo cha asidi yake, hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na anayejua kweli jinsi kaboni dioksidi na baikaboneti zinavyoshirikiana kuilinda atatambua kwamba mgonjwa wa kisukari anayehema kwa nguvu huenda damu yake imezidi asidi, bila kusubiri kuambiwa.

Kwa hiyo ninapoambiwa "nilipata A kwenye fizikia," huwa nauliza swali la mrija na mshipa. Wengine wenye A hawawezi kulijibu, na wengine wenye B hulijibu vizuri sana, na mimi ningekuwa tayari kufundisha kundi la hao wa B.

Somo ambalo nisingependa mtu aingie bila kulijua ni takwimu, na ni ajabu kwamba vyuo vingi havilidai kwa uzito ule ule wa kemia ogania. Chukua kipimo kinachogundua asilimia 99 ya wagonjwa na kutoa jibu sahihi kwa asilimia 99 ya wazima, na ugonjwa ambao mtu mmoja tu kati ya 1,000 anao. Ukiwapima watu 100,000 wasio na dalili, wagonjwa ni 100, na 99 kati yao watagunduliwa. Lakini katika wazima 99,900, watu 999 nao wataambiwa wana ugonjwa. Maana yake, kati ya kila 100 watakaopewa majibu ya kutisha, ni kama tisa tu walio wagonjwa kweli. Daktari asiyeona hesabu hii atawaogofya watu wengi bure na kuwapeleka kwenye upasuaji wasiouhitaji. Sijawahi kuandika mmenyuko wa kemia ogania kando ya kitanda cha mgonjwa. Hesabu hii naitumia katika kila wiki ya kazi.

Wodini mambo yaligeuka tena. Huko unahesabiwa kwa namna unavyochukua historia ya mgonjwa, unavyoipanga, unavyoieleza kwa daktari bingwa kwa dakika chache, na unavyosema "sijui, nitakwenda kuangalia" bila kuona haya. Kusoma historia kulinisaidia hapo kuliko nilivyotegemea. Nilifundishwa kwamba kila chanzo kina upande wake na kina kilichoachwa, kwa hiyo ndugu wa mgonjwa akisema jambo moja na karatasi ya rufaa ikasema jingine, sikukimbilia kuamini karatasi. Sidai kwamba historia ni bora kuliko biolojia. Ninachosema ni kwamba stadi hizi hazimo katika alama zinazojumlishwa na mfumo wa maombi wa AMCAS, ambao hutenga wastani wa biolojia, kemia, fizikia na hisabati peke yake. Hata MCAT, wenye alama za jumla kati ya 472 na 528, una sehemu moja kati ya nne isiyouliza sayansi hata kidogo: unasoma maandishi na kuyachambua. Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, hakidai somo lolote mahususi la sayansi kwa wanaotaka udaktari, na katika MCAT hutazama sehemu hiyo moja tu. Madaktari wake wanatibu watu kama wengine.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni wale wasiofika. Donald Barr wa Stanford na wenzake walifuatilia wanafunzi walioanza chuo wakitaka udaktari, wakatafuta kwa nini wengi hubadili nia. Sababu kubwa iliyojitokeza ilikuwa uzoefu mbaya katika kozi za kemia, na nia ilishuka zaidi kwa wanawake na kwa wanafunzi wa jamii zenye uwakilishi mdogo katika udaktari. Nimewaona kwa macho yangu. Msichana makini, mwenye huruma na akili ya kuunganisha mambo, anapata C katika muhula wa kwanza wa kemia na kuhitimisha kwamba hakuumbiwa kazi hii. Hakuna aliyemwambia kwamba kozi ile huwa na mamia ya wanafunzi ukumbini, kwamba mara nyingi hupangwa alama kwa kushindanisha, na kwamba wenzake wengi walikwisha kuisoma kemia hiyo kwa kina sekondari. Alama ile ilipima alikoanzia, na yeye akaisoma kama hukumu ya anakoweza kufika.

Mdogo wangu unayesoma hapa ukiwa mwaka wa kwanza au wa pili, ushauri wangu ni huu. Chukua masomo ya sharti yote, kwa sababu bila hayo mlango haufunguki katika vyuo vingi, lakini usijirundikie kozi za sayansi za ziada eti uonekane umejiandaa. Ukiwa na nafasi moja tu ya ziada, ijaze kwa takwimu. Ukiwa na mbili, ongeza fiziolojia. Shahada yenyewe soma unachokipenda, maana utakisoma vizuri. Usichukue kemia ogania na fizikia katika muhula mmoja kama unafanya kazi ya kujilipia ada. Soma tovuti ya kila chuo unachokitaka, kwa sababu baadhi vimeacha kudai orodha ya kozi na sasa vinadai umahiri, mwelekeo uliopendekezwa mwaka 2009 na jumuiya ya vyuo vya tiba, AAMC, pamoja na taasisi ya utafiti wa tiba ya Howard Hughes. Fahamu pia kwamba tangu Januari 2022 Step 1 hutolewa kwa kufaulu au kutofaulu tu, kwa hiyo ile tofauti ndogo ya wastani iliyoonekana Mount Sinai leo isingeonekana kwenye cheti cha yeyote aliyefaulu.

Na kama tayari una C ya kemia, usiiache ikae peke yake. Tafuta kwanza ni kipi hukukielewa, ukifanyie kazi na mkufunzi, kisha chukua kozi inayofuata na uifanye vizuri: biokemia yenye A baada ya kemia yenye C huwaambia wanaosoma maombi jambo ambalo barua ya kujieleza haiwezi kuwaambia. Kurudia kozi ni lazima pale ambapo chuo unachokitaka hakikubali alama ya chini ya kiwango fulani, kwa hiyo uliza kabla hujalipia. Na ukirudia, panga ukijua kwamba AMCAS huhesabu alama zote mbili, ya kwanza na ya pili.