Kale kakistari ka kushusha dirisha kamekwenda wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina steshenari ndogo hapa Mwanjelwa. Windows 10 ilipoishiwa muda wake Oktoba 2025, kijana mmoja alinibadilishia kompyuta zote tatu, akaweka Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Kazi zinakwenda. Ila kwenye kona ya dirisha imebaki X peke yake. Kale kakistari ka kushushia dirisha hakapo, na ule mkanda wa chini nao haupo. Wateja wanabonyeza X wakidhani wanashusha, wakiulizwa kuhifadhi wanabonyeza lolote, barua ya maombi ya kazi inapotea. Mnasema programu huria ni uhuru. Mbona uhuru wenyewe umekuja na vitufe pungufu?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Kompyuta zako ni nzima, na kijana hajakosea. Alichoweka ni GNOME, yaani hayo madirisha, menyu na vitufe unavyoviona juu ya Debian. Kakistari kaliondolewa kwa makusudi GNOME 3 ilipotoka Aprili 2011. Hoja ya wenyewe ilikuwa hivi: mkanda wa chini tumeuondoa, sasa dirisha likishushwa litashukia wapi?

Nyuma yake kuna hoja nzito zaidi. Mwaka 2002 Havoc Pennington, mmoja wa wajenzi wa GNOME, aliandika kwamba kila chaguo unalompa mtumiaji lina gharama. Piga hesabu, Mwalimu: swichi kumi tu za kuwasha na kuzima zinazaa hali 1,024 tofauti, na hakuna anayeweza kuzijaribu zote kabla ya kutoa toleo. Ndiyo maana hitilafu hujificha kwenye mchanganyiko ambao unautumia wewe peke yako. Hapo nakubaliana nao. Kwa kakistari, hapana; kitu ambacho mikono ya watu imekizoea miaka yote hakiondolewi hivihivi.

Kukarudisha ni kazi ya dakika moja. Fungua programu iitwayo Tweaks, nenda sehemu ya madirisha, washa vitufe vya Minimize na Maximize. Au andika hivi kwenye terminal, lile dirisha la kuandikia amri:

gsettings set org.gnome.desktop.wm.preferences button-layout 'appmenu:minimize,maximize,close'

Mpangilio huu unakaa kwenye akaunti, hauenei kompyuta nzima. Kama wateja wana akaunti yao, ingia kwa hiyo ndipo uandike, na urudie kwenye kila mashine.

Mkanda wa chini ndio wenye maneno. Watakwambia uweke kiongezi kinachoitwa Dash to Panel. Kinafanya kazi vizuri, lakini viongezi vinatengenezwa na watu wengine, na kila kimoja hutaja matoleo ya GNOME kinayoyakubali. GNOME hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka. Mimi mwenyewe niliwahi kupanga viongezi sita kwenye kompyuta za duka moja kule Uyole, nikajiona fundi kwelikweli. Toleo lilipopanda, vinne vikagoma kuwaka, nikapigiwa simu asubuhi na mapema, nikapanda bajaji kwenye baridi ya Juni kwenda kurekebisha bure. Debian haibadili toleo lake kuu mara kwa mara, ni kama kila miaka miwili, kwa hiyo kwako balaa litachelewa. Kuja litakuja.

Ningekuwa wewe, mashine za wateja ningezihamishia Xfce, ambayo ni kama GNOME, nayo hukaa juu ya Debian ileile. Ina mkanda, ina kakistari, na mashine za zamani inazihurumia. Ukipenda MATE, nayo sawa: ilizaliwa 2011 kutokana na watu waliokasirika kama wewe, wakachukua GNOME 2 iliyokuwa inaachwa na kuiendeleza kwa jina jingine. Uhuru unaouuliza uko hapo zaidi kuliko kwenye idadi ya vitufe: wajenzi wana haki ya kuamua, nawe una haki ya kuhama na mafaili yako yote bila kuomba ruhusa.

Kuweka Xfce, andika kwenye terminal sudo apt install task-xfce-desktop. Katikati huenda likatokea swali kuhusu gdm3 na lightdm, yaani programu za ukurasa wa kuingilia; acha gdm3. Ikimaliza, toka kwenye akaunti, bonyeza jina la akaunti, na kabla hujaandika nywila tazama kona ya chini kulia. Kuna kigurudumu chenye meno. Kibonyeze, chagua Xfce Session.