Mbwa wa ploti nzima ni wa nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni msimu gani unaowasumbua zaidi mbwa na paka wetu: masika, vuli au baridi ya Julai. Jibu langu ni masika, kwa sababu ya kupe. Lakini huku Kayole, mtaa wetu wa Nairobi, kinachowamaliza wanyama hawa si mvua, ni kukosa mwenyewe.

Namsema mbwa wa ploti, yaani wa majengo ya kupanga. Mnamjua. Hulala langoni, huwabwekea wageni usiku, hula mabaki ya ugali na mifupa ya bucha, na kila mpangaji humwita "mbwa wetu" mpaka siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Siku hiyo huwa ni wa keateka, mtunza ploti. Keateka naye husema ni wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anaishi Kitengela. Jambo hili limeniudhi muda mrefu. Ploti isiyo na mtu wa kuandikwa jina kwenye kadi ya chanjo isifuge mbwa.

Wetu anaitwa Bosi. Mvua za Aprili zilipopungua, nyasi za kiwanja kilicho nyuma yetu zilikuwa zimefika magotini, na huko ndiko alikopenda kuzurura. Watoto wakamwona akijikuna tu. Kisha akaacha kula. Hata maini aliyanusa akageuza uso. Mama Brian wa nyumba ya chini ndiye aliyeniita: "Baba Shiro, hebu njoo umwone huyu mbwa, anakojoa strungi." Alimaanisha mkojo wa rangi ya chai isiyo na maziwa. Nilimfunua mdomo nikakuta ufizi umekuwa mweupe. Ndani ya masikio kupe walikuwa wamejazana, wengine wamevimba damu, wengine wadogo bado, na kati ya vidole vyake vya mbele vilevile.

Ushauri haukukosekana. Mmoja alitaka apewe Panadol. Mwingine alishafungua chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe aliyoitoa agroveti, duka la dawa za mifugo, na paka wawili wa Mama Brian wamelala papo hapo. Nilimnyang'anya. Panadol moja tu yaweza kumuua paka, na dawa za kupe zenye permethrin, hata zile zilizotengenezewa mbwa, kwa paka ni sumu. Watu wa agroveti wangekuwa wanauliza kwanza kama nyumbani kuna paka.

Matatu zilitukataa. Jirani mwenye gari la Probox akatupeleka kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Daktari alitoa tone la damu sikioni, akalitazama kwenye hadubini, akasema ni babesia: vimelea vinavyoletwa na kupe, vinavyopasua chembechembe nyekundu za damu. Ndiyo maana ya ule mkojo na ule weupe wa ufizi. Akamdunga sindano, akasema arudishwe baada ya wiki mbili kwa nyingine.

Sasa mnisikilize, maana hapa ndipo naona nimekuwa mkali kupita kiasi. Aliyetuma M-Pesa ya kwanza ni keateka, na mshahara wake naujua. Akafuata mama wa kibanda, halafu vijana wa ghorofa ya juu ambao hata salamu huwa hatupeani. Bosi alipona kwa mchango wa watu niliokuwa nawaita wasiojali.

Lakini kichaa cha mbwa hakingoji mchango. Kilithibitishwa viungani mwa Nairobi mwaka wa 1912, na lengo la Kenya ni kwamba ifikapo 2030 pasiwe na mtu anayekufa kwa kichaa alichoambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Mbwa na paka wachanjwe wakiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka.

Basi mbwa wa ploti abaki, nimebadili neno langu. Ila kadi iwe na jina (ya Bosi sasa ina la Mama Brian), kiwanja kifyekwe kabla ya mvua, masikio na vidole vikaguliwe kila jioni msimu wa kupe, na pesa zake zikusanywe kila mwezi pamoja na za taka. Na kama ploti yenu ina watoto wadogo na hakuna hata mtu mzima mmoja anayeweza kumshika mbwa huyo akadungwa, hilo silitetei.