Radari ilisema 94: jibu kwa mdogo wetu wa barabara ya Likasi

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema ulisimamishwa Jumamosi ukitoka Likasi kuingia Lubumbashi. Agenti wa polisi akakuonyesha kamashine ka mkononi ka kupimia mwendo, kenye namba 94, na kibao kilikuwa cha 60. Akataka dola 50 palepale, ukakataa, akabaki na permi yako (leseni) na kukwambia uifuate biro, yaani ofisini kwao. Sasa unauliza kama ile namba ni ushahidi, na ufanye nini ukifika biro. Waliojibu kabla yangu, nusu wamesema "lipa upate amani", nusu wamesema "wote wezi tu". Mimi hiyo mashine nimeishika mwenyewe karibu miaka miwili, kwa hiyo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Niliendesha taksi hapa mjini miaka sita, mtaa wa Kenya kwenda posta, posta kwenda mtaa wa Katuba, mpaka mgongo ukakataa. Kisha nikapata kazi kwa kampuni ndogo iliyosafirisha wafanyakazi wa mgodi upande wa Kolwezi. Mnaowajua watu wa migodi mnajua: ndani ya mgodi mwendo ni dini. Kibao kikisema 40, ukipita 47 unaitwa ofisini, mara ya pili barua, mara ya tatu nyumbani. Siku moja wakatafuta dereva wa kukaa kando ya njia na kupima wenzake, wakanichagua mimi. Urafiki wangu na madereva wengine uliishia hapo, lakini shule niliyopata ilikuwa nzuri.

Tulikuwa na mashine za aina mbili. Ya kwanza ni radari ya kweli. Inatuma mawimbi, yanagonga gari, yanarudi yamebadilika kidogo kwa sababu gari linakuja. Ni kama honi ya treni: ikija kwako inalia juu, ikikupita inashuka. Mashine inapima tofauti hiyo na kuigeuza kuwa kilomita kwa saa. Hesabu yake haina shida. Shida ni kwamba mawimbi yanatoka yakipanuka kama mwanga wa tochi. Ukilenga gari lililo mita 300 mbele, mwanga huo umeshakuwa na upana wa makumi ya mita. Ndani yake mnaweza kuwemo wewe na Corolla yako, lori la shaba nyuma yako, na basi linalowapita wote wawili. Mashine inatoa namba moja, na haikwambii ni ya nani. Lori ni ukuta wa chuma, linarudisha mawimbi kwa nguvu kuliko kigari chako. Kwa hiyo tulifundishwa kutopima gari likiwa kwenye kundi. Tungoje libaki peke yake. Na kila asubuhi, kabla ya kuanza, tuligonga kauma ka chuma kalichokuja na mashine, kenye namba iliyochongwa, tukakaweka kakitetemeka mbele ya radari, nayo inausoma mtetemo huo kama mwendo wa gari. Namba ikitoka ile iliyochongwa, tunaanza kazi. Ikitoka nyingine, mashine inarudi kabatini na sisi tunakwenda kunywa chai.

Ya pili ni ya leza. Hiyo inatuma mapigo mengi ya mwanga usioonekana kwa muda usiofika nusu sekunde, inahesabu umbali unavyopungua, na kukupa mwendo. Mwanga wake ni mwembamba: kwa mita 300 ni kama upana wa mlango. Nayo inaonyesha umbali pamoja na mwendo, hilo likumbuke. Kwa leza huwezi kusema kirahisi "ulipima lori la nyuma", ila mkono wa anayelenga ukitikisika, mwanga ukateleza kutoka kwenye kioo hadi kwenye boneti, hesabu inaweza kuharibika. Ndiyo maana tuliambiwa tulenge plaki ya namba za gari, hapo pamesimama wima.

Kuna jambo moja ambalo madereva hawapendi kulisikia. Wengi wanasema, "Alikuwa amesimama pembeni, kwa hiyo alipima vibaya, aliniongezea." Ni kinyume chake. Mpimaji aliyesimama kando ya njia anakuona kwa pembe, na pembe inapunguza namba. Ukija na 100 na yeye yuko kwenye pembe ya digrii 20, mashine itaonyesha 94 hivi. Pembe inamsaidia dereva. Kwa hiyo usiende biro na hoja hiyo, watakucheka.

Dashibodi je? Hapa nitasimulia aibu yangu, maana ndiyo iliyonifanya niache kuapa kwa dashibodi.

Baada ya mgodi nilimwendeshea tajiri mmoja wa vipuri Hilux yake. Akanituma Kitwe. Nilivuka mpaka wa Kasumbalesa, nikahamia upande wa kushoto kama wanavyoendesha Zambia, nikajisemesha "kushoto, kushoto" mpaka Chililabombwe. Mbele ya Chingola polisi akanyoosha mkono. Kibao kilikuwa 80. Mimi nilikuwa nimetazama dashibodi dakika hiyohiyo: 85. Nikajisemea, tano si kitu. Akaniambia 93.

Nikapanda juu! Nikamwambia mimi mwenyewe nimefanya kazi hiyo, kwamba alipima lori, kwamba anionyeshe. Akanionyesha bila hasira yoyote. Ilikuwa leza. Kioo kilisema 93, na mita 212. Akageuka na kunionyesha njia: kwenye mita 212 hakukuwa na lori, hakukuwa na baiskeli, hakukuwa hata na mbuzi. Nilikuwa mimi peke yangu na vumbi langu. Nikasaini karatasi ya kukiri kosa, nikalipa, nikapewa risiti. Nikaendelea na safari nikiwa bado naamini nimeonewa.

Niliporudi Lubumbashi, tajiri akafungua simu yake. Nilikuwa nimesahau kwamba Hilux ile ilikuwa na kifaa cha satelaiti kinachomtumia kila kitu. Akatafuta saa, akatafuta mahali, akasoma kwa sauti mbele ya fundi: "Tisini na tatu." Fundi akainama akaangalia magurudumu, akaanza kucheka. Mwenye gari alikuwa ameweka tairi kubwa ili gari lipite kwenye mashimo ya masika. Tairi za kiwandani zilikuwa na kipenyo cha sentimita 72 hivi, hizi 79. Dashibodi inahesabu mizunguko, haijui kwamba kila mzunguko sasa unaenda mbali zaidi. Kwa hiyo ikisema 85, gari linakwenda 93. Kama tairi ni za kiwandani, kwa kawaida dashibodi inakudanganya upande wa pili: inasema zaidi kidogo ya ukweli, maana viwanda haviruhusiwi kutengeneza inayosema pungufu. Ila huku kwetu, gari gani lina tairi za kiwandani?

Sasa turudi kwako, na kwa Lubumbashi.

Yule wa Chingola alitaka kuthibitisha mwendo. Huku kwetu, miaka yote niliyoendesha, mwendo mara nyingi ni mlango tu wa kuingilia. Nikupe mfano. Asubuhi moja nilikuwa kwenye foleni kubwa ya kuingia mjini, magari yamekwama, wauza maji wanatembea kwa miguu na kutupita. Polisi wa rulaji (trafiki) akaja dirishani.

"Papa, ulikuwa nakimbiza sana."

"Chefu, ku foleni hii? Nakimbiza na gari ama na miguu?"

Akatazama foleni. Akacheka, mimi nikacheka, na abiria wangu wa nyuma akacheka. Kisha akasema, bila kubadilisha uso: "Basi leta ekstenta." Yaani kizima-moto.

Umeona? Hakuwa na haja ya mwendo. Permi, kadi rozi (kadi ya gari), asiransi (bima), vinyeti (kibandiko cha kodi ya gari), kontroli tekniki (karatasi ya ukaguzi wa gari), ekstenta, pembetatu: katika orodha hiyo kimoja kitakosekana, au kitakuwa kimeisha juzi. Kuna wachumi waliofanya utafiti juu ya polisi wa barabarani wa Kinshasa, wakakuta kwamba wakubwa wa biro wanawapangia agenti walio njiani idadi ya madereva wa kuwaleta kila siku, na mazungumzo ya pesa yanaanzia biro. Ndiyo maana agenti anapenda kufungua mlango na kuketi karibu nawe: wewe ndiwe unampeleka kazini kwake, kwa mafuta yako. (Wenye usukani wa kulia mnajua mateso mengine: sisi tunaendesha upande wa kulia wa njia, kwa hiyo dirisha lenu liko palepale kandokando aliposimama, na mkono wake unafika kwenye ufunguo kabla ya salamu.) Na ndiyo maana watu wa Kinshasa walifurahia yale maroboti ya kuongoza magari yaliyowekwa kwenye njia panda mwaka 2013. Roboti halina watoto wa kusomesha.

Sisemi hivyo kuwatukana. Nimekutana na agenti aliyesimama kwenye mvua mpaka usiku kwa sababu lori lilikuwa limeharibika bila taa, na alikuwa akiweka matawi njiani kwa mikono yake ili tusiligonge. Mtu huyohuyo kesho yake anaweza kukuomba ya sukari. Njo vile.

Sasa biro. Kwanza, usiende ukisema "sikukimbia". Hujui. Pengine ulikimbia. Kwa 94, kila sekunde gari linakwenda mita 26, na ile barabara wewe unaijua, lori lililozimika huwa halina hata pembetatu. Nenda na maswali, kwa sauti ya chini, na salamu kamili. "Chefu, naomba kuona namba pamoja na saa iliyopimwa." Kama mashine yao ni ya leza, uliza umbali. Kama haionyeshi umbali, uliza nani alikuwa nyuma yako. Namba isiyo na saa inaweza kuwa ya mtu wa asubuhi. Nimewahi kuonyeshwa 112 ile ile na agenti yule yule siku mbili mfululizo, tena siku ya pili nilikuwa navuta gari la mwenzangu kwa kamba.

Kubwa kuliko yote ni karatasi. Omba PV, ile karatasi rasmi ya kosa, iandikwe: jina la kosa, mahali, saa, mwendo, kibao. Kosa letu la barabarani linasimama juu ya sheria, ile nambari 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ndiyo sheria yetu ya barabarani (Code de la route) mpaka leo. Huna haja ya kuitaja kama wakili. Sema tu, "Chefu, niandikieni PV, nitalipa faini kwa njia ya serikali, na mnipe kitansi (risiti)." Nimeona neno hilo likifanya mambo mawili. Kama kosa lipo, wanaandika, unalipa, unaondoka na permi. Kama halipo, ghafla kunakuwa na ugumu wa kupata kalamu, na baada ya saa moja mtu anasema, "Papa, wewe ni mutu muzuri, shika permi yako, usirudilie."

Saa moja hiyo ndiyo bei. Wanauza muda wako, mdogo wangu. Dereva wa taksi mwenye versement, ile pesa ya kila siku ya mwenye gari, ya kupeleka jioni hawezi kukaa saa moja, na wao wanajua. Ndiyo sababu wale wanaokwambia "lipa upate amani" siwaiti wajinga. Nami nililipa mara nyingi, nikiwa na abiria sita na mama mwenye mtoto mgonjwa. Lakini wewe unasema Jumatatu huna kazi. Basi unayo mali ambayo wengi hawana. Nenda mapema, kabla ya saa tatu. Usiende peke yako, chukua kaka au mjomba aliyekomaa, asiyependa kupiga kelele. Beba kopi za karatasi zote, za asili ziache nyumbani isipokuwa wakizidai. Usirekodi kwa simu kwa siri. Nimeona simu ikichukuliwa, na kuirudisha kulikuwa kugumu kuliko permi.

Na kabla ya kwenda, tuandikie hapa mambo mawili. Saa ngapi hasa walikusimamisha, na ubavuni mwa tairi zako pameandikwa namba gani. Kisha fungua mlango wa dereva, utakuta kibandiko kinachosema namba ya kiwandani. Zikiwa tofauti, tupe zote mbili, nitakupigia hesabu usiku huu ujue ulikuwa unakwenda ngapi.