Kubadili taaluma: mshauri anakufaa wapi, na wapi ujitafutie mwenyewe

Ndugu uliyeuliza kama mtu aliyechoshwa na uhasibu amlipe mshauri wa taaluma au atosheke na jaribio la mtandaoni la kumwonyesha kazi inayomfaa, nitakujibu kwa niliyoyapitia, kwani nami nilikuwa mhasibu kabla ya kuhamia kwenye ukufunzi wa masuala ya fedha.

Jaribio lifanye, ila lisikuamulie. Mengi yametokana na nadharia ya John Holland, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeyagawa mapendeleo ya watu kuhusu kazi katika makundi 6, na Wizara ya Kazi ya nchi hiyo hutoa jaribio la namna hiyo bila malipo kupitia O*NET, tovuti yake ya taarifa za kazi, hivyo sioni sababu ya kununua lingine. Linapima mapendeleo tu. Uwezo wako halipimi, wala halijui una watu wangapi wanaokutegemea.

Mshauri niliyemwendea hakunitajia kazi hata moja katika kikao cha kwanza, jambo lililonikera kidogo. Alinitaka kila jioni niandike shughuli nilizofanya ofisini, kisha nitie alama ya kujumlisha kwenye zile nilizozifanya bila kutazama saa, na alama ya kutoa kwenye zile nilizokuwa nikizipiga danadana. Tulipolipitia daftari, kufunga hesabu za mwezi na kuzilinganisha na taarifa za benki kulikuwa na alama za kutoa mfululizo. Lakini kila nilipokuwa nimemweleza mkuu wa idara fulani kwa nini matumizi yake yamevuka bajeti, palikuwa na alama ya kujumlisha. Kumbe uhasibu haukuwa umenichosha. Kilichonichosha ni kuufanya peke yangu, kimya kimya.

Frank Parsons, mwanzilishi wa ofisi ya ushauri wa kazi iliyofunguliwa Boston mwaka 1908, alishauri kwamba mtu ajijue, azijue kazi zilivyo, ndipo apime kama vinaoana. Wengi wetu hukazana na la kwanza na kuliruka la pili, na hilo la pili mshauri hawezi kukufanyia vizuri, kwa kuwa kazi unayoitamani pengine hajawahi kuifanya. Watafute walio ndani ya kazi hiyo, waombe nusu saa ya mazungumzo, wala usiwaombe ajira. Usiwaulize kama wanaipenda, maana watakujibu kwa adabu. Waulize jana walifanya nini tangu walipofika hadi walipoondoka. Mkufunzi mmoja alinifungulia kalenda yake, nikaona kwamba darasani alikuwa siku mbili tu katika juma zima, na zilizobaki zilikwenda kwenye kuandaa masomo, kusahihisha na kuandika ripoti. Waulize pia ni nani aliyeiacha kazi hiyo, na kwa nini. Kwangu mimi jibu la swali hilo lilikuwa na manufaa kuliko yote.

Ukiamua kumlipa mshauri, mtake kwanza akueleze amesomea nini, na kama hupata kamisheni kutoka kwa chuo chochote anachowaelekeza watu. Akisitasita kwenye hilo la pili, tafuta mwingine. Na kwa kuwa umesema bado hujaandika barua ya kuacha kazi, mwombe mkuu wako akubadilishie baadhi ya majukumu hapo hapo ulipo, ukiendelea kupokea mshahara, uone alama zako zitasogea upande gani.