Kabla ya sufuria, nunua daftari

Juzi dada mmoja wa Himo aliniandikia: “Shikamoo mama. Mungu amenipa mzigo wa wajane wa kijijini kwetu. Nianzie wapi?” Najua wengi mnaonisoma mna mzigo huohuo, basi namjibia hapa.

Mimi nilianza na sufuria moja ya kande. Jumamosi alfajiri nilikwenda soko la Mbuyuni kununua maharage na mahindi, nikachemsha nyuma ya nyumba yetu Pasua, hapa Moshi, mchana nikapita na ndoo kwa wazee sita wasio na mtu. Mmoja, bibi asiyeona, alinisikia kwa harufu kabla sijapiga hodi: “Mwanangu, leo umetia vitunguu?”

Usharika ukatuunga mkono. Sadaka zikawa zinaingia kwenye simu yangu, ileile ya hela za duka. Sikuandika kitu. Nilijifunika na Mathayo 6:3, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume.

Jumapili moja kikaoni mzee wa kanisa akasimama, akauliza laki nne na nusu za bati za yule bibi asiyeona zimekwenda wapi. Bati zilishapigiliwa, mvua imeshazinyea! Risiti sikuwa nayo. Kufika jioni nilikuwa mwizi mpaka Majengo. Inaniuma hadi leo, maana huyo mzee kwa bibi hakuwahi kukanyaga.

Mchungaji ndiye aliyenifungulia 2 Wakorintho 8:20. Paulo ana mchango wa maskini wa Yerusalemu, na hakubali usimamiwe na mtu mmoja, asije akalaumiwa. Kama mtume alijihadhari, mimi ni nani? Tukafungua akaunti yenye watia saini watatu, hesabu nikawa nazibandika mlangoni mwa kanisa kila mwezi. Risiti ya kwanza kwenye faili ni ya jeneza la bibi.

Walionikwepa wakaanza kuleta mchele. Leo tunalisha wazee 84, tuna jiko letu na bajaji, na namshukuru Mungu bila aibu.

Kwa hiyo dada, andika. Andika hata nauli ya bodaboda. Usiniambie mnaaminiana, Yuda ndiye aliyeshika mfuko, naye aliaminiwa. Sadaka ya mjane ni ya Bwana, usiichanganye na hela ya vocha. Usajili utafuata: mashirika yasiyo ya kiserikali yana Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, vyama vya dini vina Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Wote watakuuliza hesabu. Daftari linauzwa hapohapo Himo, linunue leo kabla duka halijafungwa.