Nguo za mtoto bila marashi
Mama, kama shingo ya mtoto inamuwasha tangu uanze sabuni ya unga yenye harufu na dawa ya kulainisha nguo, acha zote mbili. Soma nyuma ya pakiti: «parfum», «linalool», «limonene» ni vitu vya harufu, hata mbele wakiandika ni ya watoto. Fua kwa sabuni ya kipande isiyo na marashi, suuza mpaka maji yasiteleze, ndipo utie siki nyeupe vijiko 4 vya supu katika maji lita 10. Ukiitia mapema, sabuni inakatika na kuacha mafuta kwenye kitambaa. Siki isikutane kabisa na javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo)! Hutoa gesi ya klorini, inaunguza mapafu. Na kwa mvua hizi za Bukavu, harufu ya unyevu haitibiwi na marashi: kamua sana, anika kwa nafasi, piga pasi.