Maswali ya Wasomaji: Panya Buku, Kangaruu na Maarifa ya Wazee

SWALI: Ninaishi Gede, Malindi. Babu yangu, ambaye enzi za ujana wake alikuwa akitega wanyama katika msitu wa Arabuko-Sokoke, hushikilia kwamba panya buku ana mfuko kama kangaruu. Mwalimu wangu anasema Afrika haina wanyama wa jamii hiyo. Nimsadiki nani? Na je, wataalamu huyapa uzito maarifa ya watu kama babu?

JIBU: Babu yako ameuona mfuko kweli, ila uko mashavuni. Panya buku husomba mbegu na vipande vya mihogo kwa mashavu hadi shimoni mwake, na ukimkuta usiku akiwa amejaza, kichwa kimevimba pande zote mbili hata utadhani ni mnyama mwingine. Watoto wake hulishwa tumboni kwa kondo la nyuma hadi watakapozaliwa, kama ilivyo kwa paa na kwetu sisi. Kangaruu mwekundu wa Australia huzaliwa baada ya siku 33 hivi, akiwa na uzito wa takriban gramu moja, akatambaa mwenyewe juu ya manyoya ya mama yake mpaka kwenye chuchu iliyo ndani ya mfuko, na hapo akang'ang'ania kwa miezi. Wala mfuko si sharti la jamii hiyo, kwani oposumu wadogo wengi wa Amerika ya Kusini hawana mfuko kamili, na watoto huning'inia wazi kwenye chuchu.

Mwalimu naye amesema kweli. Afrika ilijitenga na Amerika ya Kusini yapata miaka milioni 100 iliyopita, ilhali Amerika ya Kusini, Antaktika na Australia zilikuwa bado zimeshikana, na hiyo ndiyo njia waliyopitia wanyama hao hadi Australia. Wachache waliofika kaskazini mwa Afrika, ambao mabaki yao yamefukuliwa Fayum nchini Misri, walitoweka.

Swali lako la mwisho ndilo lenye uzito zaidi. Katika milima ya Papua Guinea Mpya, mwanaanthropolojia Ralph Bulmer alifanya kazi kwa miaka mingi na Saem Majnep, mtu wa kabila la Kalam, ambaye hakuwa mtoa habari tu bali mwandishi mwenziwe. Wakalam huwaita wanyama wakubwa wa kuwindwa msituni «kmn», wakiwemo kuskusi (wanyama wa mitini wenye mfuko) na kangaruu wa mitini. Vyura na wanyama wadogo, ambao hukusanywa zaidi na wanawake na watoto, huitwa «as». Na panya wachafu wa majumbani wana jina lao, «kopyak», nao hawaliwi. Mpangilio huo haufuati mifuko wala meno, bali unafuata mahali mnyama anapoishi, anayemkamata na kama analiwa. Mimi siuoni kuwa duni kuliko wa maabara, kwa sababu kila mmoja unajibu swali lake.

Hata hivyo, tusiwapambe wazee kwa sifa wasizozihitaji. Wamatses, wanaoishi mpakani mwa Peru na Brazili, ni mabingwa wa habari za kima na nguruwe-mwitu wanaowawinda, lakini watafiti walipowauliza kuhusu oposumu walipata habari chache, na jina moja huweza kubeba spishi kadhaa. Sababu iko wazi: oposumu wengi ni wadogo, hutembea usiku, hawadhuru mtu wala hawashibishi.

Hapa pwani, mwaka 2010 ilitangazwa kwamba kamera zilizotegwa katika misitu ya Boni na Dodori, kaunti za Lamu na Garissa, zilimnasa sange (mnyama mdogo anayefanana na panya) ambaye hakufanana sawasawa na aina zilizojulikana. Msitu huo ni wa Waboni, wawindaji na warina asali wa vizazi na vizazi, na kwangu mimi «ugunduzi» ni neno la kutumiwa kwa tahadhari mahali kama hapo. Sange wenu wa Arabuko-Sokoke ana kiuno cha manjano kinachong'aa akikimbia, na ngozi ya hapo ni nene, hivyo adui akivutwa na rangi hung'ata mahali pasipoumiza sana. Pua yake ndefu huchokoa majani makavu kutwa nzima. Kwa ukoo, yuko karibu zaidi na tembo na nguva kuliko panya.

Basi keti na babu, umwandike. Usianze kwa kumwonyesha picha yenye jina chini yake, maana mtu mwenye adabu huweza kukukubalia tu ili asikuvunje moyo. Mwache ataje jina kwa Kigiriama, kisha umwulize mnyama hulala wapi, hula nini, msimu gani hunenepa na nani alikatazwa kumla. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, kwa hiyo majina ya wenzake aliotega nao na mahali penyewe pa mitego usiyaandike.